Kwa Nini Sikujenga Kyumbi

Niinueni kidogo, mniwekee mto mgongoni, kisha mketi mahali nitakapowaona nyote bila kugeuza shingo, maana shingo hii imegeuzwa vya kutosha. Bonface, wewe ni kifungua mimba, kaa hapa karibu yangu. Nduku, binti yangu, kaa na wenzako wa kikundi cha ngoma, usiwaache wasimame ukutani kama watu waliokuja kudai. Na wewe Wacera, mke wa mwanangu, usikimbilie jikoni, chai itangoja. Leo sisemi Kikamba. Nasema Kiswahili ili Wacera, aliyetoka kwao Murang'a akatuletea wajukuu, anisikie kwa masikio yake mwenyewe, na Levi wa kikundi naye, aliyetoka mbali zaidi, asikie, kesho asitokee mtu wa kusema mzee alisema hivi akimaanisha vile. Niko na pumzi ya mazungumzo haya tu, na daktari alivyonitazama juzi nilimwelewa kabla hajafungua mdomo. Basi wanangu wa kuzaa na wanangu wa kucheza, nipeni masikio yenu, na atakayelia alie polepole nisikie ninachosema.

Najua kilichowaleta mbio hivi, na si kikohozi changu. Ni ile ploti ya Kyumbi, ile iliyo nyuma ya maduka, iliyokaa wazi miaka thelathini na moja, isiyo na kitu ila udongo uliokanyagwa na banda moja la mabati la kuwekea ngoma. Jumatatu, Bonface, ulipeleka fundi na utepe akapima, na watu wakaja kuniambia kabla fundi hajakunja utepe wake. Jumanne, Levi, ulikuja ukapiga magoti hapa kitandani ukaninong'oneza niweke kyumo, kwamba uwanja usijengwe milele, na siku yangu ikifika nizikwe palepale katikati, asithubutu mtu kuchimba msingi. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na safari hii nyasi ni mimi, nimelala hapa chali, hata kukimbia siwezi.

Wacera, huenda mumeo hakukueleza. Kwetu kyumo ni neno la mwisho la mzazi. Akisema kabla ya kukata roho kwamba shamba fulani lisiuzwe, haliuzwi, hata wajukuu walale njaa juu yake, na hakuna wakili wala chifu awezaye kulifuta neno hilo. Ndiyo maana nyote mmeketi hapa mkitazama mdomo wangu. Nitawajibu. Lakini anayeanza na mali humaliza na ugomvi, kwa hiyo mimi nitaanza na shukrani, maana niko nazo nyingi kuliko mali.

Namshukuru Mungu kwa miguu hii, ingawa leo haiwezi kusukuma blanketi. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipotoka Lukenya, ambako baba yangu alikuwa mchonga mawe machimboni, nikafuata kikundi cha wachezaji kilichochukuliwa na hoteli moja ya watalii, jina lake halina faida sasa. Niliruka juu ya migongo ya wanaume wanne walioinama, nikapinduka hewani, nikatua upande wa pili uso ukiwa umeshawageukia watazamaji. Baada ya onyesho wageni walikuja kutupapasa miguu wakitafuta springi. Mama mmoja alitaka kujua dawa tunayopaka, nikamwambia ni isyo, akaandika kwenye kijitabu chake, na mpaka leo sijui kama alipofika kwao alijipaka mahindi na maharagwe magotini. Nimetembea nchi hii yote bila kulipa nauli. Nimeona ziwa, nimeona bahari, nimepigiwa makofi na watu wasiojua jina langu. Mtoto wa mchonga mawe hakuwa na haki ya kudai zaidi ya hayo.

Lakini msidhani ilikuwa asali. Mtu hawezi kupinduka hewani tumbo limejaa, kwa hiyo tulicheza na njaa, tukiambiwa chakula ni baada ya kazi, na baada ya kazi tukaambiwa chakula kilikuwa cha wageni. Siku za sikukuu za taifa tulifika uwanjani alfajiri, tukasimama juani na njuga miguuni mpaka saa saba, mgeni wa heshima akafika, tukacheza dakika tatu, akapunga mkono huku akizungumza na mwenzake, na sisi tukarudishwa nyuma ya lori. Nimecheza kifundo kimeteguka, meno yakiwa nje yote, kwa sababu mchezaji akikunja uso hakuna atakayemwita tena. Nilipokwenda kumposa Kasiva, mama yenu, baba yake aliniuliza kazi yangu, nikasema ni kucheza ngoma, akasema, "Hiyo nimesikia. Kazi yako ni gani?" Na kanisani, mchungaji wa siku zile alimtoa mama yenu kwaya kwa kuwa mumewe hutikisa mabega kifua wazi mbele za watu. Kasiva alirudi nyumbani siku hiyo, akavua kitambaa cha kwaya, akakikunja, akaniuliza kama nimekula. Sijasahau.

Na ile hoteli ilikuwa na jukwaa la simiti. Kwetu watu walicheza juu ya udongo, na udongo humpokea mtu. Simiti haimpokei. Miaka kumi na moja nilitua juu yake, mara mbili kwa siku msimu wa watalii, na tulipolalamika tukaambiwa vijana wanaotaka nafasi zetu wamejaa getini. Goti la kulia lilienda kwanza, na la kushoto likaogopa upweke, likalifuata. Hakuna aliyeniuliza nitakula nini. Mchezaji akianguka, mwingine huingia kwenye mstari kabla vumbi halijatulia, na lazima iwe hivyo, maana onyesho haliwezi kusimama.

Nipeni maji. Kidogo tu. Haya.

Sasa nasema jambo ambalo nimeliogopa. Niliposhindwa kuruka nilipewa filimbi na kipaza sauti, nikawa kiongozi, na kila onyesho nilianza kwa maneno yaleyale: "Mabibi na mabwana, ngoma hii mnayoiona ndiyo iliyonijengea boma, ndiyo iliyosomesha wanangu." Watu walipiga makofi sana pale. Nduku alikuwa akiyakariri maneno hayo akiwa mdogo. Ulikuwa uongo. Ngoma ilinipa makofi, ikanipa safari, ikanipa magoti haya, lakini waliosoma walisomeshwa na Kasiva, aliyeketi njiani pale Kyumbi na machungwa na mapapai, jua na mvua, akikimbilia madirisha ya mabasi. Na uongo huo Bonface siku moja aliusikia. Ulikuwa kidato cha pili, Bonface. Tulikuwa tunacheza kwenye uwanja wa maonyesho Machakos mjini, ukasimama nyuma ya umati na sare ambayo mama yako alikuwa ameinunua juma lilelile, nami nikasema maneno yangu. Nilikuona. Ulinitazama, kisha ukageuka ukaenda zako. Sikukufuata kwa sababu ngoma ilikuwa imeshaanza, na jioni sikusema neno, na miaka ikapita juu yake. Leo sina kipaza sauti, lakini mliopo mnatosha. Mama Bonface, ni wewe uliyesomesha hawa. Asante. Nilipaswa kusema hivyo mbele ya wale watu wote, na sikusema.

Usinipanguse uso, Nduku, acha nimalize.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo kimeshavua viatu mlangoni, kwa hiyo niwaambie kuhusu ploti. Mlidhani niliiacha wazi kwa mapenzi ya wathi wetu, ngoma ya wazee. Hata gazeti moja liliwahi kuandika hivyo, nami nikalikata nikalibandika ukutani. Sikuiacha kwa mapenzi, wanangu. Niliiacha kwa woga.

Baba yangu alipokuwa anakufa, niliitwa kutoka hotelini. Nilitoka jukwaani moja kwa moja, sikubadilisha kitu ila shati, nikaingia chumbani na mfuko wangu begani, na njuga zikalia mle ndani ya mfuko. Baba alizisikia. Alikuwa amefumba macho, na alikuwa mtu aliyekata mawe ya nyumba za watu wengine tangu ujana wake mpaka mapafu yakajaa vumbi. Akasema kwa Kikamba, polepole, kila mtu akasikia: mtoto wangu atakayekula kwa miguu yake, akaacha mikono niliyompa, huyo asijenge. Hakuongeza neno. Alikata roho kabla ng'ombe hawajarudi.

Asijenge. Mnaelewa sasa kwa nini nimezeeka katika nyumba za kupanga, na hii tuliyomo ikiwa ya saba? Nilipoipata ploti ya Kyumbi nilijitia ujasiri, nikachimba msingi. Mvua ikanyesha siku tatu, kuta za mtaro zikaporomoka, na juma lilelile goti la kulia likagoma kabisa. Labda ilikuwa mvua tu, mwezi wa kumi na moja haukosi mvua. Labda goti lilikuwa limefika siku zake. Lakini mimi niliufukia ule mtaro kwa mikono yangu, usiku nisilale, na majirani walipouliza kulikoni nikawaambia nimebadili nia, nataka uwanja wa vijana wa kuchezea. Nikawaita vijana ili uongo wangu uwe na miguu. Hata hati niliiandikisha kwa jina la Kasiva, isije ikaonekana mbele za baba kwamba niko na mahali. Mama yenu alidhani ni mahaba, akanipikia kuku. Kasiva, nilikula kuku wako kwa dhamiri mbaya.

Wazee wangeniosha. Dawa ya kyumo ipo, mbuzi na maji ya ng'ondu ya kumtakasa mtu, na ndugu wa baba walikuwa hai bado. Sikwenda, kwa sababu ingenibidi nisimame mbele ya ukoo nikiri kwamba baba aliniaga kwa laana, na mtu aliyezoea kipaza sauti haoni njia ya kusema hayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wangesema, na miguu yenyewe ilikuwa imevunjika kweli. Huo ndio ukaidi wangu, na msiurithi.

Hata hivyo, sikilizeni ajabu ya Mungu. Wale vijana niliowaita kwa uongo walikuja kwa kweli. Kila asubuhi waliumwagilia ule uwanja, wakaupigapiga kwa mbao mpaka ukawa laini na imara, na katika miaka yote hiyo hakuna goti hata moja lililoharibikia pale. Mmoja wao ni mwalimu leo, mwingine ni askari, mwingine anafundisha watoto wa Wazungu kuruka huko kwao. Levi alikuja siku kiwanda kilipowafungia wafanyakazi nje, hana kitu, akaniambia hajui kucheza ila anajua kuanguka. Nikamwambia hapo ndipo tunapoanzia. Nduku alianza kutambaa kwenye udongo ule. Kwa hiyo nashukuru hata kwa woga wangu, maana Mungu aliuokota ulipodondoka akaufanyia kazi. Nashukuru sana. Nikilala hapa naisikia miguu yenu.

Lakini Bonface, wewe ndiye uliyelipia. Miaka sita umeniomba uijenge ile ploti, umwekee mama yako vyumba vichache vya kupangisha, aache kukimbizana na mabasi na umri wake ule, nami kila mara nikasema, na vijana wangu waende wapi? Nikakufanya uonekane mtu wa tamaa mbele ya dada yako na kikundi chake. Ukweli ni kwamba niliogopa kyumo kisikurukie wewe ukishika tofali. Nimelala hapa wiki tatu nikifikiri, ndipo nikaona upumbavu wangu. Baba alisema anayekula kwa miguu. Wewe umeanza na cherehani moja pale kiwanda cha nguo cha EPZ, leo unasimamia laini nzima, vidole vyako viko na alama za sindano. Umekula kwa mikono tangu siku ya kwanza, kama babu yako alivyotaka, na mikono hiyo ndiyo iliyonipeleka hospitali, na ngozi ya ile ngoma kubwa wanayoipiga hawa ni wewe uliyeinunua ukaniambia nisiseme. Leo nasema. Levi, ulikuwa hujui? Basi jua.

Levi, usiinamishe kichwa, sikukasirikii. Ulipigania mahali pako pa kazi, na mchezaji asipojipigania hakuna wa kumpigania. Lakini uliniomba kitu ambacho hujakionja. Mimi nimekila kyumo miaka hamsini na kitu, asubuhi na jioni, na sitamwachia mtoto wangu sahani hiyo. Siweki kyumo. Wala msinizike Kyumbi, maana kaburi katikati ya ploti ni kyumo cha udongo. Nipelekeni Lukenya, mnilaze karibu na baba. Tuko na mambo ya kumaliza, mimi na yeye, na safari hii nitaingia bila njuga.

Ploti si yangu kugawa. Ni ya Kasiva, naye yu hai, ameketi hapo ananisugua miguu. Mama Bonface, unasema nini?

"Maliza maneno yako, baba Bonface. Ploti haiendi mahali."

Mmemsikia. Basi kwake mimi ni mwombaji kama ninyi. Bonface, nami nakuomba, sikuamuru: ukipata njia ya kujenga na ukawaachia hawa kipande cha udongo cha kuruka na kutua, nitafurahi huko niliko. Usinijibu. Nimeona unataka kusema, nyamaza. Mtu akimjibu anayekufa hujifunga, na mimi sitaki ahadi ya machozi. Utajibu baadaye, ukiwa umeshiba, umekaa na mama yako na mke wako, na jibu lolote utakalotoa ni jibu.

Ninyi wa kikundi, sikieni haraka, sauti inakauka. Mkipewa jukwaa la simiti, daini mchanga au majani au hata magunia, na wakikataa chezeni bila kuruka, makofi yatapungua na magoti yatabaki. Msicheke na mguu uliovunjika. Kila mmoja wenu ajifunze kazi ya mikono, kushona, kuchomelea, kunyoa, chochote, si kwa sababu ngoma ni aibu, bali kwa sababu miguu huzeeka kabla ya mwenyewe. Filimbi ni ya Nduku. Ngoma zote ni za kikundi, zisiuzwe wala zisikodishwe kwa mtu asiyejua kuzianika. Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo walivyosema wahenga, basi siku ya kunizika mtacheza, lakini mle kabla ya wageni wa heshima. Wacera, hilo nakuachia wewe. Waheshimiwa wangoje siku moja.

Yule mchungaji aliyemtoa mama yenu kwaya alishakufa. Nimemsamehe. Kasiva, wewe kama bado, ni shauri lako.

Nduku, maji. Si ya kunywa. Yaweke hapa mdomoni niwabariki kama tulivyobarikiwa... fungua shati, Bonface, kifua. Wewe kwanza. Nilikuweka nyuma ya umati... leo wewe kwanza. Nduku, sogea, mwanangu. Levi, na wewe. Wacera, usiogope, ni maji tu, na mate ya mzee. Kasiva...

Neno la anayekufa liko na nguvu, ndivyo tulivyolelewa. Basi na langu... na langu linayo. Anayekula kwa mikono, ajenge. Anayekula kwa miguu, Nduku, unanisikia? ajenge. Mjenge mpaka mchoke. Mungu awape milango yenu wenyewe... ya kufunga na kufungua.

Bonface. Ukijenga pale, wapangaji walale salama, na mama yako akae... akae kivulini. Usipojenga, miguu ya hawa itue salama. Yote mawili nimeyatemea baraka, unaona... yote mawili. Kwa hiyo hutakosea, mwanangu. Hutakosea.

Haya. Nilazeni sasa. Asanteni... asanteni kwa kuja.